Prado ina snokeli na bado imezima katikati ya korongo. Maji yalipitia wapi?

#1 Mkwe wa Magu
Wakuu, mwadila.

Nina Prado 90, injini 1KZ, gia otomatiki. Mwezi wa tatu nilifungiwa snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini kutoka juu ya paa, na fundi wa mtaani hapa Mwanza. Jumamosi nilikuwa naenda ukweni, ndani ndani Magu huko, ukishaacha lami ya Musoma. Kuna korongo ambalo kiangazi watoto wanachezea mpira, mchanga mtupu. Nikalikuta limejaa maji ya kahawia, yanatembea lakini si ya kutisha. Kijana wa bodaboda akaniambia, "Pita tu mzee, wewe una bomba." Nikaweka 4L (tairi zote nne, gia nzito) nikazama.

Maji yalifika usawa wa taa. Nimeshapita katikati, Fuso la mahindi likaingia kutoka ng'ambo, halikusubiri. Tulipopishana wimbi likapanda juu ya boneti. Zimebaki kama mita 10 nitoke, gari likakohoa mara mbili, kimya. Nikapiga starter mara moja, ikajibu "tk" basi. Sikurudia. Tukavutwa na ng'ombe wa kulimia, jozi mbili.

Kesho yake saa sita mchana likawaka. Moshi mweupe ulitoka kidogo ukaisha. Sasa linatembea, ila likiwa sailensa, yaani limewashwa bila kukanyaga mafuta, linatetemeka.

Swali langu: mdomo wa snokeli uko juu ya paa. Maji yaliingilia wapi?

#2 Sangara Mbishi
Jozi mbili za ng'ombe! Na wale ng'ombe walitoka kwa baba mkwe au walikuwa wale wale wa mahari?

#3 Fundi wa Nyakato
Mkuu #1, umefanya jambo moja la akili, kutorudia starter. Tuendelee.

Snokeli ni bomba tu. Chini yake kuna boksi la chujio la hewa, na boksi hilo kwenye magari mengi lina kitundu cha kumwagia maji ya mvua, chenye kampira kama mdomo wa bata. Kiwandani kinawekwa makusudi. Anayefunga snokeli anatakiwa akizibe. Wengi hawazibi, hata kukijua hawakijui. Maji yakifika hapo, injini inavuta kwa nguvu, kampira kakishakuwa kagumu kwa uzee hakafungi. Unakuwa umevuta hewa juu na maji chini kwa wakati mmoja.

Halafu ni pale bomba linapoingia kwenye boksi. Wanapaka silikoni, wanakaza klempu moja, kazi imeisha. Inafaa kwa vumbi, kwa maji haifai.

Fungua chujio utuambie: limelowa juu, chini, au limekauka?

#4 Mzee wa Defender
Ndiyo maana nasema kila siku, Toyota ni ya kwenda sokoni. Defender inapita maji ya mita moja na nusu bila hata hilo bomba.

#5 Injinia Asiye na Cheti
#4 acha kuua watu. Defender mpya kiwanda chenyewe kinasema 900 mm, yaani sentimita 90. Zile za zamani ilikuwa 500 mm, nusu mita. Ford Ranger za karibuni 800. Hilux na Prado za baadaye 700. Na vipimo hivyo ni vya maji yaliyotulia, ardhi ngumu, mwendo wa mtu anayetembea. Havihusu korongo la Magu lenye Fuso.

#6 Mzee wa Defender
Yangu ni 110 ya 1994 na imepita. Vipimo wanapima wao, mimi napita.

#7 Bomba Juu
Mie naona #3 anazunguka mbali. Wimbi la Fuso limepanda juu ya boneti, mdomo wa snokeli umetazama mbele, umemeza mate mawili matatu. Kwisha. Mkwe, mdomo wa snokeli yako unatazama mbele au nyuma?

#8 Mkwe wa Magu
Unatazama mbele. Fundi alisema ndivyo unavyovuta hewa vizuri. Ila nakuhakikishia maji hayakufika kwenye paa, kioo cha mbele tu ndicho kilirukiwa.

#9 Mama Sato
Habari za usiku. Mimi nina Land Cruiser pikapu, ile mkonga, nabeba sato na dagaa kutoka mialoni. 2020 ziwa lilipopanda, mwalo niliokuwa napakia ulizama wote, ile sehemu ya kuanikia dagaa ikawa ziwa. Miezi mingi nilikuwa naingiza gari majini ili mtumbwi uniletee mzigo mlangoni. Kwa hiyo maji nayajua, japo ni ya ziwa, hayakimbii.

Nilichojifunza: ingia polepole kabisa, kama unaogopa kumwamsha mtoto. Ukishaingia ongeza kidogo, kilomita 5 au 6 kwa saa, mpaka uone wimbi linajitengeneza mbele ya gari. Lile wimbi likienda na wewe, nyuma yake kwenye injini maji yanashuka. Ukikimbia unalipita, maji yanakupanda boneti. Ukisimama, wimbi linarudi na kukufunika. Na humo ndani usibadilishe gia wala kuachia mafuta.

Mkwe, Fuso lilipokuja ulifanya nini mguuni? Sema ukweli.

#10 Mkwe wa Magu
Dada Mama Sato, niliachia mafuta. Niliogopa. Kama sekunde mbili hivi.

#11 Sangara Mbishi
Sekunde mbili za mkwe ni dakika tano za binadamu wa kawaida.

#12 Kaka Mkubwa wa Igoma
Basi jibu ni hilo. Ulipoachia mafuta, maji yakarudi kwa njia ya ekzosi. Bomba la moshi likizibwa na maji injini inakosa pumzi inazima.

#13 Injinia Asiye na Cheti
Hapana #12, hesabu haikubali. Maji ya kina cha mita moja yanasukuma kwa takriban sehemu moja ya kumi ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Moshi wa injini, hata ikiwa sailensa, unayatoa hayo. Weka ndoo nyuma ya gari lako ujionee mapovu. Ekzosi inakuwa tatizo injini ikishazima, hapo ndipo maji yanapanda taratibu. Kwa hiyo inaweza kueleza kwa nini starter iligoma, haielezi kwa nini ilizima.

#14 Kaka Mkubwa wa Igoma
Nimeona gari likizima kwa hiyo sababu, macho yangu haya.

#15 Injinia Asiye na Cheti
Umeliona likizima. Sababu hukuiona.

#16 Umeme wa Gari
Wote mnaongelea hewa, kwani hii ni 1HZ, ile injini ya pampu isiyo na umeme? Pampu ya dizeli ya 1KZ inaongozwa na umeme. Kuna soketi na sensa pale, mpira wa soketi ukichoka, tone moja la maji linaikatia injini mafuta. Inakohoa mara mbili, inazima. Kesho yake jua limekausha, inawaka. Hiyo hadithi yote ya Mkwe ni ya umeme tangu herufi ya kwanza. Injini iliyokunywa maji haiwaki yenyewe saa sita mchana kwa sababu jua limetoka!

#17 Fundi wa Nyakato
#16 una hoja. Ila nieleze huo mtetemo wa sailensa.

#18 Umeme wa Gari
Nozeli. Au maji kwenye tangi la mafuta kupitia bomba lake la kupumulia. Achuje dizeli kwanza kabla hamjamfungulia injini na kumla hela.

#19 Mwalimu wa Nyegezi
Kwa wasioelewa kwa nini #3 alimsifia kwa kutorudia starter, chukueni kalamu.

1KZ ni cc 2,982, silinda nne, kwa hiyo kila silinda ni kama 745. Kompresheni yake ni 21.2 kwa 1. Maana yake pistoni ikiwa juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama mililita 37. Hivyo ni vijiko vya mezani viwili na nusu. Hewa unaibana ikaingia humo, maji hayabaniki. Vikiingia vijiko vitatu, pistoni inapanda inakuta ukuta, na kinachopinda ni konrodi, ule mkono unaoisukuma pistoni. Injini ikiwa kwenye mzunguko mkubwa konrodi inaweza kutoboa bloku. Ikiwa polepole inapinda kidogo tu, gari linawaka, linatembea, na linatetemeka.

Sijasema ndicho kilichompata Mkwe. Nimesema vijiko vitatu.

#20 Mkwe wa Magu
Mwalimu, usingizi umeniruka.

#21 Dereva wa Kirawira
Salamu kutoka ukanda wa magharibi wa Serengeti. Naendesha watalii, makorongo ndiyo ofisi yangu.

Mnajadili gari limezima vipi, mimi nauliza liliingia kwa nini. Makorongo ya huku, kuanzia Magu mpaka Bunda, yanajaa kwa mvua iliyonyesha mbali usikoona. Yanajaa haraka na kupungua haraka. Mimi nikifika nakata kijiti, nakichomeka pale maji yanapoishia ukingoni, nazima gari, nakunywa chai. Baada ya nusu saa natazama kijiti. Kikiwa ndani ya maji, korongo linapanda, nageuza. Kikiwa kikavu, nangoja zaidi. Mgeni akilalamika namwonyesha ndege.

La pili, korongo la mchanga chini halifanani na ulivyoliacha wiki iliyopita. Wachimba mchanga wanaacha mashimo, maji yanayafunika, unaona uso umelingana. Hata kama gari lina urefu wa ghorofa, tairi moja likiingia shimoni pua inazama. Mkwe, kabla halijazima, gari liliinama popote?

#22 Mkwe wa Magu
Kuna mahali kushoto kuliinama, ndiyo. Kabla kidogo ya Fuso. Na snokeli iko kulia.

#23 Bomba Juu
Haya, sasa tuna Fuso, shimo, kampira, umeme na mguu wa Mkwe. Bado mchawi tu.

#24 Sangara Mbishi
Mchawi yupo, ni yule wa bodaboda. "Una bomba" ndiyo maneno ya mwisho ya wengi.

#25 Kijana wa Buzuruga
Samahani, ninajifunza. Kama hujui kina, si unashuka unatembea na fimbo mpaka ng'ambo ndipo unaleta gari?

#26 Dereva wa Kirawira
Maji yaliyosimama au yanayotambaa, ndiyo. Yakiwa yanakimbia na yamefika goti, usiingie. Kama wewe huwezi kusimama, gari nalo lina kesi. Na huku kwangu fimbo haisaidii, kuna viboko na mamba. Mto Grumeti usitembee hata kama umeahidiwa shamba.

#27 Tabibu wa Zamu
Kabla hamjamshusha kijana #25 majini: sisi tuko kanda ya ziwa, kichocho kipo. Kijidudu chake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi kwa dakika chache tu, huhitaji kidonda. Hatari kubwa iko kwenye maji yaliyotuama yenye majani, pembezoni mwa ziwa, madimbwi, majaruba ya mpunga. Mafuriko yanayokimbia si mahali pake hasa, ila ukingo wake ndiko huko huko majanini unakosimama. Vaa gambuti, jikaushe mara moja. Na ukishazoea kupima makorongo kwa miguu, nenda kapime. Dawa yake ni praziquantel, ipo, inafanya kazi.

#28 Mama Sato
Tabibu, sisi wa mialoni tumeshaimeza hadi tumezoea ladha yake, na kizunguzungu chake.

#29 Tabibu wa Zamu
Kula kwanza ndipo umeze, mama.

#30 Kaka Mkubwa wa Igoma
Kurudi kwenye gari. Watu hawamwambii kijana #25 jambo la klachi. Ukiwa majini usikanyage klachi kamwe. Maji yanaingia kati ya plati na flaiwili, ukiachia inateleza, injini inanguruma na gari limesimama. Ndicho kilichompata Mkwe.

#31 Umeme wa Gari
Mkwe ameandika mstari wa kwanza kabisa kwamba gari ni otomatiki. Klachi ataikanyaga ya nani?

#32 Kaka Mkubwa wa Igoma
Sikusoma mstari wa kwanza. Ushauri kwa kijana unabaki palepale.

#33 Mwalimu wa Nyegezi
Hapo #32 yuko sahihi, kwa gari la manyuo.

Nimerudi kwa jingine. #6 anasema Defender yake inapita mita moja na nusu. Chukueni Prado ya kilo kama 1,900. Sakafu yake tuseme mita 4 kwa 1.6, ambayo ni mita za mraba 6.4. Kila sentimita 10 za maji juu ya sakafu, kama ndani bado ni pakavu, zinainua kilo 640. Sentimita 30 zinainua kilo 1,920. Gari limeelea. Tairi hazishiki kitu, na 4L yako inazungusha maji. Kwa hiyo kabla maji hayajafika kwenye mdomo wa snokeli wewe ni mtumbwi usio na kasia.

Na maji yanayokimbia, mwendo wake ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kukusukuma ubavuni inaongezeka mara nne. Macho hayaoni hiyo mara nne.

#34 Bomba Juu
Kwa hiyo snokeli ni pambo?

#35 Dereva wa Kirawira
Kwangu snokeli ni ya vumbi. Barabara ya Ndabaka kiangazi, hewa ya juu ya paa ni safi kuliko ya kwenye boneti, chujio linadumu. Maji ni nyongeza ya bahati mbaya.

#36 Mzee wa Defender
Mwalimu, hesabu yako ni ya gari lisilovuja. Defender yangu maji yanaingia mlangoni papo hapo, kwa hiyo haielei, inakaa chini imetulia kama kiboko. Wazee wetu walikuwa wanafungua milango makusudi maji yapite ndani.

#37 Injinia Asiye na Cheti
Kwa mara ya kwanza uzi huu #36 amesema kitu chenye fizikia ndani yake. Kufungua milango kupunguza uelekeo wa kuelea ni jambo la kweli, madereva wa zamani walilifanya. Ila kwa gari la sasa umeosha kompyuta na nyaya zote za chini ya kapeti. Na mlango ulio wazi kwenye mkondo unashika maji kama tanga.

#38 Sangara Mbishi
Land Rover kuvuja imekuwa kipaji.

#39 Mtoto wa Tanga
Huku pwani tunawaonea wivu. Maji yenu ni baridi matamu, gari linakauka linaendelea. Sisi ukiligusisha bahari mara moja, chesesi inaanza kutafunwa.

#40 Mama Sato
Matamu ndiyo, ila tope la ziwa likiingia kwenye hab utalia kisukuma. Mwaka ule nilibadilisha beringi za mbele mara mbili. Halafu difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli: umetoka kukimbia lami, difu ni ya moto, unaiingiza majini ghafla, hewa ya ndani inapoa inajikunja na kunyonya maji kupitia oilsili au kipumulio. Siku hizi kipumulio nimekiongezea mpira mpaka juu karibu na taa ya nyuma, na nikifika majini nasubiri dakika kumi gari lipoe. Mkwe, kaangalie oili ya difu. Ikiwa kama chai ya maziwa, imwage.

#41 Kijana wa Buzuruga
Wabeja sana Mama Sato. Na ule mkanda wa feni, ni kweli unatolewa?

#42 Fundi wa Nyakato
Kijana, magari ya petroli ya zamani walikuwa wanautoa ili feni isirushie maji plagi na distributa. Sababu nyingine ni kwamba feni ikigonga maji mengi mapanga yanajipinda kwenda mbele yanakwangua rejeta. Ila magari mengi mkanda huohuo ndio unazungusha pampu ya maji na jenereta, usitembee nao umeutoa. Afadhali turubai. Funga turubai mbele ya grili, wimbi la mbele linakuwa zuri na feni inabaki pakavu kiasi. Haidumu, ni ya kuvukia tu. Ukitoka toa, na kanyaga breki kidogo kidogo zikauke kabla hujaziamini.

#43 Mkwe wa Magu
Wakuu nimerudi, majibu ya leo.

Chujio: nusu ya chini lina alama ya maji na mchanga mwembamba, juu pakavu. Kampira ka boksi kapo, kana ufa. Oili ya difu ya nyuma ni chai ya maziwa kama alivyosema Mama Sato, ya mbele ni safi. Soketi ya pampu ilikuwa na unyevu na kijani kidogo. Chujio la dizeli limetoka na maji kijiko kimoja. Kompresheni: silinda ya tatu iko chini kuliko zenzake, si sana.

#44 Fundi wa Nyakato
Si nilisema. Kampira. Silinda ya tatu ilikunywa kidogo, konrodi imejikunja kwa unywele. Fungua hedi upime pistoni ya tatu kama inafika juu sawa na wenzake.

#45 Umeme wa Gari
Na mimi nilisema. Kijani kwenye soketi, maji kwenye dizeli. Gari la miaka ishirini na kitu, kompresheni ya silinda moja kuwa chini kidogo ni uzee. Aliwahi kupima kabla ya korongo? Hapana. Sasa mnafananisha na nini?

#46 Bomba Juu
Alama ya maji nusu ya chini inaweza kuwa ni maji yaliyoingia kwa juu yakatuama chini, wakuu. Maji hukaa chini hata yakitoka mbinguni.

#47 Fundi wa Nyakato
Mchanga je, nao umetoka mbinguni?

#48 Bomba Juu
Fuso lilirusha maji yenye mchanga.

#49 Dereva wa Kirawira
Na shimo la kushoto halijajibiwa. Boksi la chujio la Prado hiyo liko upande gani?

#50 Mkwe wa Magu
Leo nimechoka kufungua boneti, kesho. Ila kuna habari nyingine: baba mkwe amepiga simu, Jumamosi kuna kikao na mvua bado zinaendelea.

#51 Mama Sato
Panda basi, shukia Magu mjini, wakupokee na ng'ombe. Njia wanaijua.

#52 Mpita Njia
Hiyo Prado inauzwa?

#53 Mkwe wa Magu
Haiuzwi. Snokeli ndiyo inauzwa, imetumika mara moja.